Pale Sabato Ilipoingia

Watu wa Sironga wana swali moja tu kwa mchoraji, na Damaris Kemuma alikuwa amelisikia mpaka likamchosha: hiyo ni nini? Waliuliza wakileta maziwa, waliuliza wakija kuazima jembe, na mzee Abner wa kanisa, jirani yake wa upande wa chini, aliuliza kila alipopita kwenda kwenye majani chai yake. Ni ng'ombe? Ni mto? Mbona usichore mtu aliye na uso? Zamani Damaris alikuwa akieleza. Baadaye akawa anasema ni rangi tu, mzee. Siku hizi alisema ni mto, ili Abner aridhike aende zake, na Abner aliridhika kweli, ingawa aliwahi kurudi kesho yake kuuliza ni mto gani.

Tusimlaumu Abner. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza hata kwa mtu anayelipwa kuielewa. Damaris hakuchora kitu chochote. Alilaza ubao wa plaiwudi kwenye meza ndefu ya veranda, akaitazama mikebe ya rangi bila kuchagua, na mkono ulipokwenda wenyewe kwenye mkebe, basi huo ndio. Hakuna kufikiri. Akishapaka rangi ya kwanza, anangoja. Ubao unajibu au unanyamaza. Ukijibu anaongeza nyingine, anaugeuza ubao chini juu, anapangusa kwa tambara, anachanganya unga wa mawe ya Tabaka na gundi ya seremala na kuupaka kwa kipande cha bati mpaka uso wote unakuwa na matuta na makovu. Siku moja aliwaambia wanafunzi wake kwamba picha inajua inakokwenda kumzidi anayeichora. Wasichana wakacheka chinichini. Aliwasamehe, maana hata yeye angesikia mtu mwingine akisema hivyo angecheka.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulitilia shaka, nalo ni kujua picha imekwisha. Kitu kilitulia chini ya kitovu chake, kama mtoto anapoacha kulia ghafla nawe ndipo unagundua kwamba alikuwa akilia muda wote huo. Mkono ulishuka. Hakubishana nacho kitu hicho, na kwa miaka mingi hakikumdanganya.

Sasa kilikuwa kimemtoka. Hakujua kiliondoka siku gani, kwa sababu vitu vya namna hiyo haviagi. Alijikuta tu anapita. Picha inafika mahali pazuri, yeye anapita. Anaongeza rangi, anaongeza tena, anafunika, anakwangua, mpaka ubao unakuwa tope tupu, na bado tumboni kimya. Aliharibu ubao baada ya ubao kwa njia hiyo. Na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa mtu aliyelima, akaoga, akalala, ukaisha. Huu aliamka nao. Alifundisha wiki nzima, akasahihisha madaftari, akampeleka mama yake kliniki mjini Nyamira, akapika, akafua, na saa aliyoiiba katikati ya hayo yote aliimaliza amesimama mbele ya ubao, akilingoja tumbo lake liseme neno.

Halafu kulikuwa na Fred Nyasani. Fred alizaliwa na watu wa Keroka lakini Nairobi ndiyo iliyomlea, na huko alikuwa na ukumbi wa kuonyesha picha, ukumbi mdogo wa kuta nyeupe ambao wajuzi waliuheshimu. Alizipenda kazi za zamani za Damaris, akamwahidi onyesho lake peke yake, jambo ambalo Damaris alikuwa amelingoja tangu akiwa msichana mwenye nywele nyingi na kiburi kingi. Ila Fred alitaka picha moja mpya, kubwa, ya kuwasimamisha watu mlangoni. Bila hiyo, alisema kwa upole kwenye simu, zile nyingine zingeonekana ni za mtu aliyekwisha kuacha. Angekuja Jumapili kuichukua.

Kwa hiyo Damaris alijiwekea sharti lake mwenyewe, na hakumwambia mtu. Picha hii isipokuja, atafunga mikebe, atawagawia wanafunzi brashi, na hatapaka tena rangi maishani mwake. Hakuliweka sharti hilo kwa hasira. Aliliweka kama mtu anayeamua kumuuza ng'ombe aliyekauka maziwa.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake, Mong'ina, ambaye aliletwa kutoka Tabaka kwa sababu ya kifua. Huko Tabaka mawe laini yanachongwa karibu kila ua, na vumbi lake jeupe halichagui pua ya kuingia. Daktari alisema mama atoke kwenye vumbi. Basi akatoka, akaja kwa binti yake kati ya migomba na majani chai, mahali pasafi pasipokuwa na kazi ya mikono yake. Na mikono ile ilizoea kazi. Katika ua wao, baba yake Damaris, marehemu Obwocha, alikuwa akichonga, na mama akisugua kwa msasa na maji mpaka jiwe linakuwa laini na rangi yake halisi inajitokeza. Hawakusemezana sana kazini. Kilichokuwa kwenye benchi la baba kilikuwa cha baba, hata kikae hapo miezi. Alipokishusha na kukiweka kando ya karai la maji, kilikuwa cha mama, na baba hakukigusa tena mpaka mama amrudishie mkononi. Hata mnunuzi akija na haraka zake aliambiwa angoje. Watoto wa ua ule waliijua sheria hiyo kabla ya kujua kuhesabu, na Damaris alikuwa mmoja wao. Kisha alikwenda chuo, akajifunza kazi ambayo mtu huianza peke yake na kuimaliza peke yake, na akaisifu sana kazi hiyo kwa sababu wakati huo alikuwa bado na nguvu.

Alhamisi jioni alisimama mbele ya ule ubao mkubwa aliokuwa akipambana nao tangu muhula ufunguliwe. Ulikuwa na urefu wa mlango. Ndani yake mlikuwa na manjano ambayo mkono uliichukua siku ya kwanza, na nyekundu ya udongo, na kijani, na weupe wa unga wa mawe, kila moja ikiwa imezikwa chini ya nyingine, na juu ya yote alikuwa amefunika buluu nzito iliyokaribia weusi, kavu, yenye kukwaruza kiganja. Brashi ilikuwa mkononi, rangi ilikuwa kwenye brashi, na hapakuwa na mahali popote ilipotaka kwenda. Tumboni kimya. Ndani ya nyumba mama alikohoa, kisha akauliza kama chai imesahaulika.

Damaris aliiacha brashi ndani ya mkebe. Meza ilihitajika, maana kesho yake kungekuwa na mboga za Sabato za kuchambua, basi akaunyanyua ubao kwa mikono miwili, akauegemeza ukutani kando ya karai alilooshea brashi, akaingia kupika chai. Hakutazama nyuma.

Ijumaa alishinda shuleni. Wale wasiowajua Waadventista wa huku hawajui Ijumaa alasiri ilivyo: ni mbio. Chakula cha kesho kipikwe leo, viatu ving'arishwe, nguo zipigwe pasi, maji yachotwe, na kila kitu kiwe kimetulia kabla jua halijazama, kwa sababu likishazama Sabato imeingia na kazi imekwisha, uwe umemaliza au hujamaliza. Damaris alifika nyumbani jua likiwa linamalizikia nyuma ya migomba. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake verandani, ameoga, amevaa gauni safi na kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani, akiimba polepole wimbo wa kuikaribisha siku. Karai lilikuwa limepinduliwa ili likauke. Vipande vya msasa vilikuwa vimeanikwa ukingoni, vimepangwa vizuri kama soksi za mtoto.

Ndipo Damaris akautazama ubao.

Ulikuwa umesuguliwa. Kuanzia juu kushoto, kuteremka mshazari mpaka kupita katikati, ile buluu nzito haikuwepo tena, au ilikuwepo kidogo tu, imebaki kwenye mabonde. Mahali pa matuta palikuwa pamekatwa na msasa, na rangi zilizozikwa zilikuwa zimetoka moja ndani ya nyingine: manjano katikati, nyekundu ikiizunguka, kisha kijani, kisha ukingo mwembamba wa weupe wa mawe. Upande huo ulikuwa laini kupita kiasi. Kisha, bila onyo, ulaini uliishia, na kuanzia hapo mpaka chini kulia weusi ulikuwa umesimama vilevile alivyouacha, mkavu, mzito, haujaguswa.

Hasira ilimpanda Damaris kutoka magotini. Kazi ya muhula mzima, na Jumapili ndiyo hiyo. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na yake iliishia kifuani, ikabaki hapo kama chakula kilichokwama. Alifungua kinywa kuuliza. Mama aliinua kiganja kabla neno halijatoka.

"Sabato njema, mwanangu," alisema kwa Ekegusii, na kichwa akakielekeza kwenye migomba. Jua lilikuwa limeshakwenda.

Kwa Mong'ina kazi haizungumzwi siku ya Sabato, na popote alipokaa Mong'ina palikuwa kwake. Damaris alifunga kinywa, akajibu salamu, akaingia ndani kupakua chakula.

Ukimuuliza alilalaje usiku huo, atakuambia hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba asubuhi alikwenda kanisani. Kwa miezi mingi Sabato ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuiba. Mama anavaa, Damaris anasema kichwa kinauma, na mama akishapotea na wenzake njiani, yeye anatoka na mikebe. Mama hakuwahi kumwambia kwamba anajua, ingawa kichwa gani hicho kinachouma kila Jumamosi kikapona saa saba. Lakini leo kukaa peke yake na ule ubao kulimtisha kuliko mahubiri. Akavaa, akaenda, akakaa kwenye benchi karibu na mama yake. Abner ndiye aliyesimama kuhubiri, na kwa furaha ya kumwona akarefusha. Damaris alijaribu kumsikiliza. Alisinzia mapema, akalala kabisa kichwa kikiwa begani kwa mama, na Abner, kwa heshima zote, akaishusha sauti.

Alasiri hapakuwa na la kufanya, na hilo lilikuwa geni kwake kiasi cha kuumiza. Alitembea verandani. Alipita mbele ya ubao, akarudi, akapita tena, mikono nyuma. Ulikuwa mzuri. Alijua tangu alipouona jana, na huo uzuri ndio uliomuuma, kwa sababu angeukuta umeharibika angelia mara moja akamaliza. Mwaka mzima alikuwa akikitafuta kitu hicho kwa machozi na gundi, na mwanamke ambaye hajawahi kuiangalia picha yoyote zaidi ya ile ya kalenda alikipata alasiri moja kwa kipande cha msasa. Damaris aliona wivu. Wivu kwa mama yake mzazi, katika umri ule, tena siku ya Sabato. Alijionea haya lakini haukuondoka.

Kisha akaanza kuwaza mambo ya Jumapili. Fred angejua nini? Kuna wachoraji wengi tu wanaosugua picha zao, si ajabu. Kinachotakiwa ni jina pembeni. Rangi zote zile ni zake, aliziweka mwenyewe, na msasa haujaleta hata tone la rangi mpya. Aliyapanga maneno hayo yakakaa sawa, na kadiri yalivyokaa sawa ndivyo alivyozidi kuchoka. Jambo moja hakuthubutu kulifanya: kuliuliza tumbo lake. Aliogopa lingesema ndiyo kwa kazi isiyokuwa yake, na aliogopa zaidi kwamba lingenyamaza hata mbele ya hii.

Jumapili Fred alifika mapema kuliko alivyosema, maana alikuwa amelala Kisii mjini na barabara ilikuwa tupu. Aliegesha gari kwenye nyasi, akamsalimia Mong'ina aliyekuwa akichota maji kwenye tangi, akamwita Magokoro kama wajukuu wa huku wanavyomwita nyanya, na kwa hilo neno moja Ekegusii chake kikawa karibu kimekwisha. Alitaka chai. Alisema hivyo akiwa anapanda ngazi ya veranda, kisha akaisahau chai, kwa sababu alikuwa ameuona ubao.

Fred alikuwa mtu wa maneno, lakini leo alianza kwa macho. Alisogea, akarudi nyuma, akachuchumaa, akainama upande.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "hii ndiyo ile."

Aliinua kidole na kuufuata ule mpaka, pale upande laini ulipokutana na mkavu, bila kugusa. Alisema picha nyingine zote za dunia zinajaribu kumaliza kila kona, na hii imejua kuacha. Alisema angeitundika peke yake ukutani na kuondoa hata viti. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa kusifu, aliuliza kwa sababu kweli alitaka kujua.

"Hapa. Ulijuaje pa kuachia?"

Damaris alikuwa na jibu. Alikuwa amelipanga tangu jana, nalo lilikuwa zuri, lilikuwa na mkono ndani yake, na ukimya, na kitu kinachotulia chini ya kitovu. Angelisema, Fred angeamini, na mwezi ujao wangeliandika ukutani chini ya jina lake. Alilihisi likija mdomoni. Halafu akahisi uzito wa kulibeba kuanzia siku hiyo, kulirudia kwa kila mgeni, kulilinda. Hakuwa na mabega ya mzigo mwingine.

"Muulize mama," alisema.

Fred alicheka kidogo, kwa adabu. Lakini Mong'ina alikuwa tayari amepanda ngazi na karai la maji, akaliweka mahali pake, akaketi kwenye kigoda, akatoa vipande vya msasa mfukoni mwa aproni. Alikisikia Kiswahili cha yule kijana vizuri, akamjibu kwa Kiswahili.

"Hapo ndio Sabato iliingia."

Akaeleza, kwa kuwa kijana alionekana hajaelewa. Alianza baada ya chakula cha mchana, mkono wa siku hizi si ule wa zamani, kifua nacho kinataka apumzike kila saa. Alifika pale, akaona jua limeshika migomba. Akaacha. Leo ni Jumapili, atamaliza. Kazi yenyewe ni ngumu kidogo, gundi ni nyingi, lakini chini kuna rangi nzuri. Kijana asogee, anamzibia mwanga.

Fred hakusogea. Aligeuka kwa Damaris, na uso wake wote ulikuwa umejaa hofu. Alimsihi amwambie mama aache. Imekwisha, alisema, kila mtu mwenye macho anaona kwamba imekwisha. Aiweke tu garini sasa hivi, na Magokoro apewe ubao mwingine wa kusugua.

Damaris alichuchumaa mbele ya mama yake, na swali lililokatizwa Ijumaa, ambalo hata Sabato ilipokwisha hakuthubutu kulirudia, sasa akalitoa. Aliuliza kwa Ekegusii, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mama, kwa nini uliuchukua?"

Mong'ina alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alikula chakula alichopakuliwa. "Si uliniwekea?"

"Sikukuwekea. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka meza tu."

"Meza," mama alisema. Aliipima veranda kwa macho, ukuta mrefu kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi, mtupu wote. Alichovya msasa majini. "Baba yako naye aliweka akiwa amechoka. Unadhani alikuwa akiweka kwa sababu gani? Hakuwahi kuniambia jiwe limekwisha. Alikuwa anachoka nalo, anashusha. Nami nikawa najua ya kwake imekwisha."

"Kwa hiyo hii..."

"Ya kwako ulimaliza Alhamisi," Mong'ina alisema. "Iliyobaki ni yangu."

Damaris aliketi sakafuni. Aliikumbuka Alhamisi: brashi isiyotaka kwenda popote, mkono ulioshuka, uzito wa ule ubao alipouinua, na jinsi alivyopita ukuta wote ule mtupu na kwenda kuuweka pale. Alikuwa amesimama mwaka mzima akiling'ang'aniza tumbo liseme, na kila liliponyamaza akaongeza rangi. Kumbe hakuna kilichokuwa kimemtoka. Alikuwa amechoka tu, na uchovu aliuchukua kuwa adui wa kupigana naye, hata ulipokuja kumwambia kwa adabu kwamba inatosha. Alianza kulia. Hakulia vizuri, alilia kwa kelele na makamasi, na Fred akageuka kutazama majani chai.

Mama hakumbembeleza. Alimwachia alie, akisafisha ukingo wa karai kwa kidole.

"Nimechoka, Mama," Damaris alisema alipoweza.

"Naona. Nani alikukataza kuchoka?"

Fred alirudi, akachuchumaa naye, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alijitahidi kusubiri kabla ya kusema. Alisema kwa sauti ya chini kwamba haelewi yote yaliyosemwa, lakini anaelewa picha. Huyu mzee akigusa tena ule mpaka, onyesho limekwenda. Hatakuwa na cha kuweka mlangoni. Neno moja tu la Damaris, na wataiokoa.

Damaris aliutazama ule mpaka. Fred alikuwa anasema kweli. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye meza yake, na dakika chache zijazo haungekuwepo. Ilimuuma. Angependa niseme haikumuuma, lakini asubuhi hiyo alikuwa amejizuia asitoe uongo mmoja, basi nami siutoi huu.

"Siwezi kukupa, Fred," alisema. "Haijarudishwa."

"Haijarudishwa na nani?"

"Iko mkononi kwa mama. Akinirudishia nitakupigia simu. Huenda ikawa nzuri. Huenda ikawa meza ya kukatia nyanya."

"Na onyesho?"

Msasa ulianza. Ulikuwa na sauti ya chini, kama mvua nyepesi juu ya majani ya migomba, sauti ambayo Damaris alilala nayo utoto wake wote. Aliegemea ukuta, akanyoosha miguu sakafuni. Maji ya buluu yalianza kuteremka ubaoni, yakaufikia mpaka na kuuvuka.

"Nitafanya nyingine," alisema.

Fred alimtazama. Mwaka mzima kwenye simu alikuwa amemsikia akisema atajaribu, akisema pengine, akisema Mungu akipenda. Hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akauliza, kwa uangalifu, ni lini.

"Nikishalala."

Fred alisimama, ufunguo wa gari mkononi, akautazama ule mpaka ukifutika kidogo kidogo chini ya mkono wa Mong'ina, ambaye alisugua, akapapasa kwa kiganja, akasugua tena, hana haraka na mtu. Alipogeuka kumsihi Damaris kwa mara ya mwisho, alimkuta amelala palepale sakafuni, mdomo wazi, rangi ya Alhamisi ikiwa bado kwenye kucha. Mong'ina alimwonyesha Fred ishara ya kutopiga kelele, akampa kipande cha khanga kilichokuwa kwenye kiti, na Fred akamfunika.